Maadili ya mlima yaandikwe kwa Kiswahili, tena kwa kilo na saa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sisi ni watu wa kazi ya mlima hapa Moshi: waongozaji, wapishi na wapagazi, wengine bado tuko kazini na wengine tumeshaweka begi chini. Tunaandika kuhusu maadili ya kupanda milima, jambo linalosemwa sana kwenye semina na kwenye tovuti za kampuni, na karibu mara zote kwa Kiingereza.

Kanuni zenyewe zipo siku nyingi. Mwaka 1982 UIAA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima, lilitoa Azimio la Kathmandu kuhusu kulinda mazingira ya milimani. Septemba 2002 wapanda milima wa nchi nyingi walikutana Innsbruck, Austria, wakatoka na Azimio la Tyrol. Hilo linataja kwanza utu wa binadamu, linafuata na uhai, mshikamano na ukweli, kisha linaeleza wajibu wa kiongozi kwa anaowaongoza na wajibu wa mgeni kwa wenyeji wa nchi aliyoiendea. Hatuna ugomvi nalo hata neno moja. Ila mpagazi anayesimama kwenye foleni ya mizani pale geti la Machame, Kilimanjaro, saa nne asubuhi hawezi kulitumia kudai chochote, kwa sababu haliko katika lugha yake, halafu halina kilo, halina saa, halina shilingi.

Ulaya na Amerika mabishano ya maadili ya wapandaji mara nyingi huwa juu ya mwamba. Mwaka 1970 Cesare Maestri alipandisha kompresa ya petroli kwenye mlima Cerro Torre, Patagonia, akatoboa mwamba na kupachika bolti, vile vyuma vya kushikia kamba, kama 400. Mwaka 2012 vijana wawili, Hayden Kennedy na Jason Kruk, wakang'oa zaidi ya 100 kati ya hizo walipokuwa wakishuka, na dunia ya wapandaji ikagawanyika juu ya nani amekosea zaidi. Ni mjadala halali, na wenzetu wanaopanda vilele vya Batian na Nelion kule Mlima Kenya wanauelewa, maana kule kuna mwamba wa kweli wa kamba. Kilimanjaro hupandwa kwa miguu. Mwamba wetu hauna malalamiko makubwa. Yenye malalamiko ni shingo ya mtu.

Basi tuanze na kilo. Kikomo kinachotambulika Kilimanjaro ni kilo 20 kwa mpagazi, na hapo hapo pana mwanya. Kampuni hii inasema 20 ni pamoja na begi la mpagazi mwenyewe, ile inasema begi lake la kilo tano hivi linahesabiwa pembeni. Kilo tano kwa siku saba si mchezo kwa anayebeba. Tunapendekeza isomeke hivi: kilo 20 kila kitu, mzigo wa kampuni 15 na vitu vya mpagazi 5. Begi lake lipimwe peke yake kwanza. Likisoma kilo mbili, askari wa hifadhi ajue kwamba huyu hana koti la mvua, hana begi la kulalia la maana, pengine viatu ni hivyo hivyo alivyovaa. Mizani hiyo hiyo inayokamata mzigo uliozidi inaweza kukamata vifaa vilivyopungua, na vifaa pungufu ndivyo vinavyoua usiku wa mvua ya mawe.

Getini mizani hupima vizuri. Shida iko baada ya geti. Chukua msafara ulioandikisha wapagazi 14, kila mmoja kilo 20, jumla 280. Wote wanapima, wote wanapita. Saa moja baadaye, ndani ya msitu, watatu wanapewa hela kidogo na kurudishwa, mizigo yao inagawanywa. Kilo zile zile 280 sasa ziko kwa watu 11: kila mmoja kilo 25 na ushei, na kampuni imeokoa mishahara mitatu ya siku saba. Karatasi ya getini bado inasema 14. Anayerudishwa haongei kwa sababu anataka kazi ya wiki ijayo, na anayebaki haongei kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu kuna mizigo ambayo mizani ya getini haiwezi kuiona hata kila mtu akiwa mkweli. Hema la kulia likilowa halirudi uzito wake wa asubuhi. Na kuna maji. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, haina maji. Kwa njia za Machame, Lemosho na Umbwe maji ya mwisho ni kijito cha Karanga. Kibo Hut, kambi ya mwisho ya njia ya Marangu, nako hivyo hivyo, maji ya mwisho yako njiani baada ya Horombo. Dumu la lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu dumu lenyewe. Kwa hiyo siku nzito kuliko zote ni ile ya kuelekea kambi ya mwisho, juu ya mita 4,000, pumzi ikiwa haba, na hiyo ndiyo siku ambayo hakuna anayepima. Msafara wenye wageni wanne unahitaji madumu kadhaa kwa kupika, kunywa na chupa za usiku wa kilele. Kampuni yenye maadili huwa imeshapanga wapagazi wa maji tangu ofisini. Isiyo nayo humwambia mpagazi wa hema ashike na dumu.

Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia kahawa, inatosha kabisa pale Karanga na pale Horombo. Inahitaji nguzo ya kuitundikia na mtu wa kuandika. Tofauti ya idadi ya wapagazi kati ya getini na Karanga ikionekana kwenye daftari, mchezo wa kurudisha watu msituni unakwisha wenyewe. Chakula kinapungua kadiri siku zinavyokwenda, ni kweli, na wapo wanaoshushwa kihalali siku ya tatu au ya nne. Hao waandikwe siku waliyoshuka na walipwe mpaka siku hiyo.

Tunajua watasema gharama. Tuzihesabu. Kwa viwango vya hifadhi vilivyotumika miaka ya karibuni, mgeni asiye mkazi wa Afrika Mashariki hulipiwa dola 70 kwa kila siku ya kuwa hifadhini, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji kwa safari. Safari ya siku saba: 490, jumlisha 300, jumlisha 20, ni 810. Weka VAT ya asilimia 18, unakaribia 956. Sasa fungua intaneti utafute safari ya siku saba inayouzwa dola 1,200. Imebaki 244. Wapagazi watatu kwa mgeni mmoja, kwa dola 10 za siku ambazo zimetajwa miaka mingi kuwa kima cha mpagazi, ni dola 210. Zilizobaki ni 34 za kumlipa mpishi, kumlipa kiongozi, kununua chakula cha siku saba, gesi, gari la kwenda na kurudi, na faida ya mwenye kampuni. Hesabu hiyo haifungi. Inafungwa kwa kupunguza wapagazi, kuwalipa nusu, au kuwaambia kwamba mshahara wao ni tip, yaani bakshishi ya mgeni. Mgeni anayechagua bei hiyo huenda hajui anachonunua. Anayeiuza anajua.

Na tip yenyewe ina mambo yake. Mgeni hukabidhi bahasha moja kwa kiongozi mkuu asubuhi ya mwisho, akiamini itagawanywa kama alivyoshauriwa. Tuchukulie wapagazi 12 na kila mmoja amepangiwa dola 50. Ndani ya bahasha kuna 600 za wapagazi. Kiongozi aliyelazimika "kumshukuru" mtu wa ofisini ili apewe kundi anaingia humo kwanza, anatoa chake, anatoa cha ofisi, na mpagazi anapokea shilingi ambazo hana namna ya kuzihakiki kwa sababu hakusikia kiasi kilichotolewa. Dawa yake ni rahisi mno na baadhi ya kampuni zinaitumia: mgeni aseme kiasi kwa sauti mbele ya msafara wote, kwa kila cheo, kitafsiriwe kwa Kiswahili pale pale, na karatasi ya majina ibaki na mpagazi mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Kiongozi mwaminifu hapotezi kitu kwa utaratibu huo. Tena unamlinda, maana leo hata asiyeiba anashukiwa.

Tumeitaja tip kwa urefu kwa sababu inaingia hata kwenye uhai wa mgeni, na hapa ndipo tunapoona kanuni ya pamoja inahitajika kuliko mahali pengine popote. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Angalia sasa ratiba ya siku tano ya njia ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na usiku huo huo safari ya kilele cha Uhuru, 5,895. Ni mita 1,000 kwa usiku, mara mbili ya ushauri, bila mapumziko. Kuongeza usiku mmoja Horombo kunasaidia sana, na waongozaji wote wanajua. Ratiba fupi haiuzwi kwa ujinga. Inauzwa kwa sababu kila siku ya ziada hifadhini ina ada yake na mshahara wake.

Mgeni wa ratiba hiyo akifika Kibo anaumwa kichwa, kiongozi yuko njia panda. Akimgeuza, anaogopa bahasha itakuwa nyepesi na maoni mtandaoni yatakuwa mabaya. Akimsukuma, huenda akafika, huenda akazimika. Hapa maneno kama "kiongozi atumie busara" hayasaidii. Kinachosaidia ni kipimo ambacho mgeni alikisaini akiwa Moshi, akili ikiwa timamu.

Kipimo kimoja ni alama za Lake Louise za kutambua ugonjwa wa mwinuko, zilizorekebishwa mwaka 2018. Maswali manne: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu. Kila swali sifuri hadi tatu. Kichwa kikiwa kinauma na jumla ikafika tatu, huo ni ugonjwa wa mwinuko, na mtu hapandi zaidi mpaka dalili ziishe. Yaulizwe jioni na asubuhi, yaandikwe, na yaulizwe kwa wapagazi pia. Wengi wanadhani mpagazi haugui mlima kwa kuwa kazaliwa Kibosho au Rombo. Nyumbani kwake ni mita 1,500, mapafu yake ni ya mtu kama wengine, na yeye ndiye anayekimbia na mzigo ili hema liwe tayari kabla ya mgeni.

Kipimo cha pili ni cha kutembea. Chora mstari wa mita tatu kwenye vumbi, mtu atembee akigusanisha kisigino na kidole. Akipepesuka au asipoweza, ubongo umeanza kuvimba, na hapo hakuna alama za kujumlisha: anashuka sasa, hata iwe saa nane usiku. Anayehema akiwa amekaa tu, au anakohoa na kifua kinakoroma, ni mapafu, na anashuka vile vile. Kushuka mita 300 hadi 1,000 kwa kawaida kunaleta nafuu. Kutoka Barafu mpaka kambi ya Millennium ni zaidi ya 800 na machela ya gurudumu moja inapita. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, kama ipo, ni ya kumsaidia mgonjwa ashuke. Kumpa mtu ili afike kileleni apige picha ni kosa ambalo halina maelezo. Oksijeni nayo ni hivyo hivyo.

Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu kwa asilimia, kimeleta vurugu yake. Kidole cha baridi kinatoa namba ya uongo, na rangi ya kucha pia. Barafu mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma kati ya 75 na 85 na akawa salama, wakati mwenzake wa 84 anapepesuka. Pasha kidole joto, subiri dakika moja, soma, lakini mwamuzi abaki kuwa mtu na dalili zake.

Usiku wa kilele uwe na saa ya kugeuka. Misafara mingi huondoka karibu na saa sita usiku. Tunapendekeza asiyefika Stella au Gilman's, vituo vya ukingo wa juu kabla ya Uhuru, saa tatu asubuhi ageuke, awe nani, amelipa nini. Baada ya muda huo jua limeshalainisha kokoto, mawingu yanapanda, na bado ana safari ya kushuka mpaka kambi ya chini siku hiyo hiyo akiwa na miguu iliyokwisha. Cheti kiandikwe pale alipofika. Hifadhi tayari ina cheti cha Uhuru na cheti cha Gilman's au Stella. Kiongozi anayesaini cha Uhuru kwa aliyeishia Stella ameuza saini yake, na kesho mgeni mwingine ataidai kwa bei hiyo hiyo.

Suala la helikopta tunaligusa kwa kifupi tu. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza uokoaji wa anga uliokuwa ukitozwa bima bila mgonjwa wa kweli, na kashfa hiyo iliwaumiza hata waokoaji waaminifu. Kanuni yetu iseme wazi kwamba kiongozi hapokei kamisheni yoyote kwa kuita helikopta, na kwamba kila wito uambatane na karatasi ya dalili yenye saa na saini mbili, moja ya askari wa kambi. Mgonjwa wa kweli hacheleweshwi na karatasi ambayo ilikuwa ikijazwa kila jioni. Na mpagazi akiugua asishushwe peke yake na kulipwa nusu; ashuke na mwenzake, na mshahara wake uhesabiwe.

Moto nao uingizwe. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza karibu kilomita za mraba 95 za uoto. Maelezo ya awali ya mamlaka yalitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Lawama ziliwaangukia hao, na aliyewasha lazima awajibike. Lakini kuni zimekatazwa hifadhini. Mtu anayewasha majani ili apashe kiporo mara nyingi ni mtu ambaye gesi ya msafara wake ilihesabiwa kwa wageni peke yao. Kwa hiyo kanuni ya moto ni kanuni ya gesi: kiandikwe kiasi cha gesi kwa vichwa vyote, wapagazi wakiwemo, kwa milo mitatu ya moto kwa siku, na askari aangalie mtungi getini kama anavyoangalia chupa za plastiki.

Wapagazi wanawake wanaongezeka. Hema lao wenyewe, si kona ya hema la kulia baada ya wageni kumaliza chai. Hili halihitaji mjadala.

Utekelezaji ni mwepesi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ya umbo la mlima wenyewe. Wageni huingia kwa mageti mengi: Marangu, Machame, Umbwe, Londorossi, Nalemoru. Kushuka, karibu wote hutokea mageti mawili, Mweka na Marangu. Anayesimama Mweka na daftari anawaona watu wa Machame, Lemosho na Umbwe wote. Anayesimama Marangu anawaona wa Marangu na Rongai. Maswali matano kwa mpagazi mmoja kutoka kila msafara, bila kiongozi kusikiliza: mlikuwa wangapi Karanga au Horombo, ulikula mara ngapi jana, ulilala wapi, tip ilitangazwa kiasi gani, nani aliugua akashushwa vipi. Majibu yalinganishwe na karatasi ya getini. Kampuni ambayo majibu yake hayalingani mara tatu katika msimu mmoja izuiwe kuandikisha msafara mpya kwa mwezi. Faini haitoshi, kwa sababu faini huhamishiwa kwa mpagazi yule yule.

Tunapendekeza ianze Mweka peke yake, msimu wa Juni hadi Oktoba, kwa ubao mmoja wa Kiswahili wenye namba hizi na kitabu kimoja. Chama cha waongozaji, vyama vya wapagazi, wenye kampuni na hifadhi wakae mezani mwezi Novemba wakiwa na kitabu hicho mbele yao. Wa Mlima Meru na wenzetu wa Mlima Kenya wakitaka kukiona wakaribishwe. Kilo zao zinaweza kutofautiana na zetu, na kule kwa kamba watahitaji kurasa za mwamba ambazo sisi hatuwezi kuwaandikia. Rasimu ya ubao tunayo, kurasa mbili za mkono, na tumeshaanza kuzisoma jioni kwa wapagazi wanaosubiri kazi. Waliyoikosoa kwanza ni ile namba yetu ya kilo 15: wanasema dumu la maji lipungue liwe la lita kumi, la sivyo namba itavunjwa siku ya Karanga. Tumebadilisha.

Ni sisi,
Watu wa kazi ya mlima,
Moshi.